Mgonjwa si mhalifu: munganga atangulie mlangoni, polisi abaki barabarani

Wandugu na wadada wa Dilala na Manika, wa Luilu, wa Kapata, wa Fungurume, wote munaosoma hapa,

Leo hatuandiki juu ya barabara wala juu ya umeme. Tunaandika juu ya kamba.

Ile kamba ya nailoni inayofunga magunia ya madini. Njo ile ile inayofunga mikono ya mtu ambaye kichwa chake kimeharibika usiku. Wote tumeiona. Wengine wetu tumeishika. Wengine tumesimama pembeni na telefone, tunapiga video.

Msimu wa mvua uliopita, katika mtaa mmoja wa hapa mjini (hatuutaji, sababu familia bado inaishi pale), kijana mmoja kruzeri alitoka nje saa nane ya usiku, kifua wazi, nyundo mkononi. Siku chache mbele ya hapo, shimo lilikuwa limefunika wenzake wawili. Yeye alikuwa juu, anavuta kamba. Tangu siku ile hakulala tena. Alisimama katikati ya avenii akiita majina ya wale wawili, akiwaambia wapande haraka, mvua inakuja.

Majirani wakatoka. Mmoja akasema ni buloji. Mwingine akasema ni lutuku na diamba. Wa tatu alishaokota jiwe. Mama yake akapiga magoti mbele ya shefu wa avenii, naye shefu akaita polisi, maana hakuna namba ingine anayoijua. Wakafika polisi watatu, fimbo mbili na bunduki moja. Munganga hakuna. Wakamwangusha, wakamfunga, wakamtupa kasho. Akakaa siku nne. Kila asubuhi mama analeta chakula, analipa ili chakula kiingie. Siku ya nne analipa tena ili mwana atoke. Hakuna karatasi hata moja iliyoandikwa. Halafu akapelekwa kwa pasta, wiki mbili katika chumba cha maombi, karibu bila kula. Wakati avenii ilimaliza kuchanga franga ili afike hospitali ya wagonjwa wa akili kule Lubumbashi, mikono yake ilikuwa bado na vidonda vya kamba.

Kule wakamupa dawa, akalala. Njo kitu alichohitaji toka usiku ule wa kwanza: kulala. Leo yuko hapa Kolwezi, anauza yuniti pa njia panda, anasalimia watu. Lakini jipu ya polisi ikipita, anaacha meza na kuingia ndani.

Hakuna mtu aliyekufa katika habari hii. Njo maana haikuandikwa popote.

Sasa sisi tunaiandika, na kauli yetu ni fupi. Mtu akiharibikiwa kichwa, wa kwanza kumfikia awe munganga aliyefundishwa, pamoja na polisi aliyefundishwa, wote wawili wakiitwa kwa simu moja. Munganga anaangalia mgonjwa. Polisi anaangalia watu. Na kasho isiwe tena hospitali ya maskini.

Hatuombi huruma, tunadai sheria

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006 tunayo sisi wote kwenye telefone. Ifungueni. Kifungu cha 16 kinasema mwanadamu ni mtakatifu, na hakuna mtu wa kutendewa kinyama. Kifungu cha 18 kinasema mtu hawezi kushikiliwa na polisi kupita saa 48; zikiisha, aachiwe ao afikishwe mbele ya sheria. Kifungu cha 47 kinahakikisha haki ya afya. Kifungu cha 49 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, na tangu tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 2022 tuna sheria nzima, namba 22/003, juu ya haki zao.

Siku nne ni saa 96. Hiyo ni mara mbili ya kile Katiba inaruhusu kwa mtu anayeshukiwa kuiba. Na yule kijana hakuiba kitu. Hakupiga mtu. Aliita wafu wake tu.

Tunajua OPJ atajibu nini: alikuwa na nyundo, angeweza kuua mtu. Sawa. Kama mtu anaweza kuua ao kujiua, hiyo ni urja, na urja inaitiwa munganga. Mwenye malaria ya kichwa naye anapiga kelele, anapiga watu mateke, anararua nguo. Uliona wapi anapelekwa kasho?

Mji unaovunja vichwa

Kuko watu wanasema hii ni mambo ya familia moja moja. Sisi tunawaambia: angalieni mji wetu.

Tarehe 27 mwezi wa 6 mwaka 2019, udongo ulifunika wachimbaji ndani ya shimo la KOV. Serikali ilihesabu maiti 43. Nani alihesabu wale waliobaki juu, kamba mkononi? Mwaka 2014 watu wa Kasulo waligundua kobalti chini ya nyumba zao, wakaanza kuchimba ndani ya vyumba na ndani ya viwanja. Kisha wengi wakahamishwa, sehemu ile ikazungushiwa ukuta. Mtoto aliyekua akisikia nyundo chini ya kitanda chake, leo ana miaka ishirini na kitu. Ni mmoja wetu.

Dunia nzima inajua bei ya kobalti ya Kolwezi. Gari za umeme zinatembea kule Ulaya na China kwa sababu ya mikono ya hapa. Lakini kichwa cha mwenye ile mikono hakina bei, hakina munganga, hakina hata namba ya simu.

Na tunajua pia bunduki inafanya nini ikitangulia mbele ya watu wenye woga. Tarehe 15 mwezi wa 11 mwaka 2025, pa Kalando, huku huku Lualaba, kidaraja kilianguka na watu wanakimbia juu yake. Serikali ya jimbo ilitangaza vifo 32 kwa uchache. SAEMAPE, ofisi ya serikali yenyewe, ilieleza kwamba risasi za askari njo zilileta woga na zile mbio. Kalando haikuwa habari ya ugonjwa wa akili. Lakini somo ni moja: mtu mwenye woga ukimletea kitisho, unaongeza woga, na woga njo unaua. Yule mwenye nyundo usiku, chini ya ile hasira, alikuwa na woga kupita majirani wote waliomzunguka.

Kwa wenzetu wanaosema polisi asiwepo kabisa

Ndani ya harakati yetu tulibishana sana juu ya hii. Kuko wandugu walisema: polisi aliyetupiga fimbo siku ya maandamano, leo munamuita aje kusaidia mgonjwa? Tunaheshimu hasira yao. Ni hasira yetu pia. Lakini turudi usiku ule. Nani alikuwa wa hatari zaidi: kijana mmoja mwenye nyundo, ao watu makumi wenye mawe, na mmoja wao anatafuta tairi? Tuache uongo kati yetu. Katika mitaa yetu, mtu aliyeitwa mulozi ao mwizi anaweza kuchomwa mbele ya saa moja kuisha. Munganga peke yake, na mkoba wake, hatazuia watu wale. Watampiga naye.

Njo pale tunahitaji polisi. Ageuze mgongo kwa mgonjwa na uso kwa watu. Asukume watu nyuma, azime kelele, atoe watoto, afungue njia ya ambulansi. Kama kuko panga ao nyundo, asimame karibu na munganga, aongee pole, angoje. Bunduki ibaki kwenye jipu. Hiyo ni kazi ya polisi wa karibu na raia, kama vile sheria ya tarehe 11 mwezi wa 8 mwaka 2011 juu ya polisi ya taifa inavyotaka. Hatutungi polisi mpya. Tunawaambia wafanye ile kazi iliyokwisha kuandikwa.

Mmoja wa wale polisi watatu tuliongea naye baadaye. Hakutuficha kitu. Alituambia hakuna mtu aliyewahi kumfundisha namna ya kuongea na mgonjwa wa akili. Alipewa fimbo, akatumia fimbo. Naye aliogopa ile nyundo. Hatumsamehi kwa ile kamba. Lakini tunajua pia nani alimtuma pale na mikono mitupu: wakubwa wake.

Kwa wale wanaosema ni mambo ya wazungu

Mwaka 1987 katika mji wa Memphis, Marekani, polisi walimpiga risasi kijana mweusi aliyekuwa akijikata kwa kisu. Familia ilikuwa imeita msaada, ikaletewa kifo. Raia wakakasirika, na mwaka uliofuata, 1988, mji ukaanza kufundisha polisi wake saa 40 pamoja na wanganga wa akili na familia za wagonjwa. Miji mingine mingi iliiga. Kumbe haikutoka kwenye wema wa wakubwa. Ilitoka kwenye hasira ya watu, kama yetu.

Mwaka 1989 mji wa Eugene, kule kule Marekani, ukatuma munganga na mtu wa huduma ya jamii kwa gari dogo, bila silaha, kwenye simu za namna hii. Mwaka 2019 walijibu simu karibu 24,000, na waliomba polisi waje kuwasaidia chini ya mara mbili kwa kila simu mia. Lakini tuseme ukweli wote: mwaka 2025 ile huduma ilifungwa pale Eugene sababu ya pesa. Kwa hiyo tusidai gari la kupigia picha siku ya uzinduzi. Tudai mfuko wa kila mwaka.

Na kama munataka mfano wa jirani, angalieni Zimbabwe. Mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda aliona wanganga wa akili hawatoshi pale Harare, akafundisha bibi 14 wa mtaa wa Mbare kukaa kwenye benchi nje ya kituo cha afya na kusikiliza watu. Bibi zetu. Wale wale tunaowaacha wauze karanga. Benchi haiondoi nyundo mkononi usiku, lakini inaweza kumkamata mtu siku tatu mbele, wakati bado anaongea.

"Hakuna wanganga, hakuna pesa"

Ni kweli wanganga wakubwa wa akili ni wachache. Nchi yenye watu kupita milioni 100 ina makumi tu, na wengi wako Kinshasa. Kwa sisi watu wa Kolwezi, kituo kinachojulikana ni kile cha Dr Joseph Guislain cha Ndugu wa Mapendo, Lubumbashi, karibu kilometa 300. Lakini tangu mwaka 2008 shirika la afya la dunia, OMS, lina programu inaitwa mhGAP, ya kufundisha infirmie wa kawaida kutambua ugonjwa wa akili, kutuliza mtu na kutoa dawa za kwanza. Infirmie tunao. Zone de santé ya Dilala iko, ya Manika iko, na reko wanatembea parseli kwa parseli kwa chanjo ya polio. Kama reko anajua nani hajachanjwa, anajua pia nani halali.

Na pesa? Hapa tunaomba mutusikie vizuri, Bwana Meya na Mabwana Burgumesta, na wewe pia Mama Guverneri.

Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka 2018 inagawa hivi redevance ambayo makampuni yanalipa: 50 kwa mia serikali kuu, 25 kwa mia jimbo, 15 kwa mia komini na sekta zenye mgodi, 10 kwa mia mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti iliwekwa kati ya madini ya pekee, inalipa redevance ya 10 kwa mia. Juu ya ile redevance, kila kampuni inatoa kwa uchache 0.3 kwa mia ya mauzo yake yote kwa maendeleo ya watu wanaoguswa na mgodi. Musituambie hakuna pesa ya infirmie wanne, dereva wawili, dawa na kitanda. Tuambieni tu kwamba hamutaki, tujue tunaongea na nani.

Kwa wachungaji wetu

Pasta, hatukutukani. Mama zetu wanakuja kwako sababu mlango wako uko wazi usiku na mlango wa hospitali unaomba pesa. Njoo, kaa kando ya kitanda, omba na familia, mushike mkono. Lakini usimfunge mtu minyororo. Usimnyime chakula. Usimwambie aache dawa. Na ukiona ana homa, ana degedege, hali, hanywi, mupeleke kwa munganga siku ile ile. Mungu hatakasirika.

Tunadai nini

1. Namba moja ya simu, ya bure, kwa Dilala na Manika, usiku na mchana, inayojibiwa na mtu wa afya. Iandikwe kwa kila shefu wa avenii, kila shule, kila soko, kila karie.

2. Timu mbili za watu wawili wawili, infirmie na polisi, kwa ambulansi ao pikipiki. Munganga njo anatoa maamuzi juu ya mgonjwa. Bunduki haikaribii mlango.

3. Amri ya maandishi ya kamanda wa polisi: hakuna mgonjwa wa akili kuingia kasho, hakuna kamba, hakuna amande. Kama kuko kosa, parke ingoje munganga amalize kazi yake.

4. Mafunzo: saa 40 kwa polisi wa kila komisaria, mhGAP kwa infirmie. Waliokwisha kuugua na familia zao wakae kati ya walimu, si kati ya wanafunzi.

5. Vitanda vichache na dawa katika hospitali kuu za mji, siku tatu za kwanza bila malipo. Pesa itoke kwenye ile 15 kwa mia, iandikwe kwenye bajeti ya komini, tuisome.

6. Amri ya mwaka 2013 juu ya baraza la usalama wa karibu la komini, lile CLSP, ifanye kazi kwetu: munganga na mwakilishi wa familia wapewe kiti pale. Kila miezi mitatu watangaze simu ngapi ziliingia, watu walipelekwa wapi, nani aliumizwa. Bila majina.

Na sisi wenyewe

Tusiwe wakali kwa wakubwa tu. Ile video ya mama anayecheza uchi pa rond-point, nani aliituma kwenye grupu? Nani aliandika komanteri ya kucheka? Ni sisi. Kuanzia leo, kila mwanaharakati wetu anayepiga video ya mgonjwa atajibu mbele ya wenzake.

Ukikuta mtu katika hali ile: weka telefone mfukoni. Ondoa watoto. Ongea pole, jina lake kama unalijua, mtu mmoja tu aongee. Usisimame nyuma yake. Usimguse kwa nguvu. Tafuta mtu anayemuamini, halafu tafuta munganga. Na wewe kruzeri, wewe mwanafunzi, wewe dada ambaye wiki nzima haulali na unasikia sauti: kumuambia mtu si haya. Tuambie sisi. Tutatembea na wewe mpaka kituo cha afya, hata kwa mguu.

Barua hii tunaipeleka kwa mkono, komini ya Dilala na komini ya Manika, na nakala kwa Meya, kwa kamanda wa polisi na kwa bunge la jimbo. Tunaomba mhuri wa kupokelewa juu ya kila moja. Tutangoja siku 30. Siku ya 31 tutakaa chini mbele ya ofisi ya Meya, kimya, bila jiwe na bila matusi, kila mtu na kipande cha kamba ya nailoni mkononi.

Yule kijana wa yuniti tulimsomea maneno haya yote mbele ya kuyatuma. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akatuomba kitu kimoja tu: tuongeze kwamba usiku ule alikuwa anasikia kila kitu. Alisikia mama yake analia. Alisikia wanaocheka. Alingoja mtu mmoja amuulize anaita nani.

Hakuna aliyemuuliza. Safari ingine, aulizwe.